Nguzo ya Nne

1.

Kioo Na. 1 (ukuta wa mashariki, juu ya dirisha): kizima.
Kioo Na. 2 (tao la kwanza): kizima.
Kioo Na. 3 (kuba la mbele, upande wa ndani): kizima.
Kioo Na. 4 (nguzo ya nne, usawa wa kifua): kimepasuka.
Kioo Na. 5 (ukuta wa kibla): kizima.

Imeandikwa Jumanne, saa tatu asubuhi. S. Mshamu, mpimaji.

2.

Aliyeandika hayo anaitwa Somoe. Alikuwa amechuchumaa kwenye sakafu ya Msikiti Mkuu wa Ujiweni, daftari juu ya goti, na neno *kimepasuka* lilitoka kama limeandikwa na mtoto wa chekechea.

Kazi ya vioo ni nyepesi kueleza. Unachukua kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole, unakigandisha kwa plasta juu ya ufa, mwisho mmoja huku na mwisho mwingine kule. Kisha unakwenda zako. Jengo likitulia, kioo hubaki kizima. Jengo likisogea, hata kwa unene wa unywele, kioo hukatika.

Alivigandisha Jumatatu mchana. Cha nne hakikumaliza hata siku moja.

3.

*Kutoka kijitabu cha wageni, ukurasa wa 2:*

Msikiti Mkuu wa Ujiweni ulianza kujengwa takriban miaka mia sita iliyopita. Wataalamu wanatambua awamu tatu. Kwanza ulijengwa ukumbi mdogo wa dari ya boriti za mikoko. Baadaye ukumbi uliongezwa kuelekea kusini kadiri mji ulivyokua. Mwisho, dari ya boriti iliondolewa, zikajengwa nguzo kumi na mbili za pembe nane, na juu yake matao, makuba matano na dari zilizopinda kama mgongo wa pipa. Kila kitu ni matumbawe na chokaa. Hakuna kipande cha chuma.

Msikiti bado unatumika kwa sala tano. Wageni wanaombwa kuvua viatu.

4.

Vua viatu. Ndiyo, wewe, uliyeshika karatasi. Huwezi kuingia humu na matope ya huko utokako.

Mimi naitwa Mwajabu. Nafagia msikiti huu tangu mwaka niliofiwa na mume wangu, na mjukuu wangu mkubwa sasa ana watoto wake. Naingia asubuhi, wanaume wakishatoka. Uchafu wa kila pembe naujua. Mlangoni, mchanga. Dirishani, majani ya mwarobaini. Penye nguzo ya nne, unga mweupe.

Zamani ulikuwa kijiko. Nikasema, mchwa. Baada ya mfungo ukawa kikombe. Nikasema, mchwa wamezaana. Wiki hii, na masika haya, nimezoa karai.

Mchwa hawali jiwe. Nilijua. Nilikuwa naogopa kujua.

5.

Fundi Mshamu, baba yake Somoe, ana miaka sabini na mmoja, na mahali pake msikitini hapasimami mtu mwingine. Safu ya kwanza, ubavuni mwa nguzo ya nne, bega lake la kulia likiigusa. Watu wa Ujiweni wanapaita *pa Fundi*. Akichelewa, pengo hubaki wazi mpaka aje. Ndiye aliyeukarabati msikiti mwaka themanini na saba, ulipoharibiwa na mvua, na watu waliona ni haki yake: aliyeitibu nguzo na aiegemee.

Jumanne adhuhuri Somoe alimkuta uani anamenya muhogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Vioo vyako vinasemaje?"

"Kimoja kimekatika."

"Cha wapi?"

"Nguzo ya nne."

Kisu kilisimama katikati ya muhogo.

"Ulikigandisha vibaya," akasema mzee. "Plasta ilikuwa mbichi."

"Baba, hiyo ndiyo kazi niliyosomea."

"Kigandishe tena."

"Nitakigandisha. Lakini wewe kwa sasa usisali pale. Sogea hata safu ya tatu."

"Nisogee niende wapi?"

Aliuliza kama mtu aliyeambiwa ahame nyumba yake. Kisha akaendelea kumenya, ganda likatoka nene, na nyama ya muhogo ikaenda nalo. Hakuwa mtu wa kupoteza chakula. Na akasema, bila kumtazama bintiye:

"Mtu mwingine asisimame pale. Hata kwa sala moja. Mimi peke yangu ndiye

6.

Hakumalizia.

7.

Jumatano, saa mbili asubuhi. Mvua tangu alfajiri.

Kioo Na. 3: kimepasuka.
Kioo Na. 4 (kipya): kimepasuka.

Vingine vizima. Vingine *bado* vizima.

8.

Alichukua nyundo ndogo ya mti, akaanza kugonga nguzo moja baada ya nyingine, sikio amelilaza juu ya jiwe kama mkunga.

Ya kwanza: ti.

Ya pili: ti.

Ya tatu: ti.

Ya nne:



Ya tano: ti.

Ya nne hakuiandika. Ilitoa sauti ya dumu lililojaa nusu. Akagonga tena, chini kidogo. Dumu. Juu kidogo. Dumu. Akaacha kugonga, lakini sikio hakuliondoa, na ndipo alipousikia: mchanga. Ulikuwa unashuka ndani ya nguzo, wenyewe, bila kuguswa, polepole, kama mtu anayemimina mchele gizani asimwamshe mgonjwa.



Alirudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, macho yakiwa juu kwenye kuba lililobebwa na kitu kile. Kisha akageuka na kukimbia. Alisimama nje kwenye mvua, peku, mkono kifuani, na Bi Mwajabu aliyekuwa akisugua birika la kutawadhia akamwuliza, "Umeona nini, mwanangu?"

"Sijaona," akasema Somoe. "Nimesikia."

9.

*Simu, Jumatano, saa sita na nusu. Somoe na mkuu wake wa kazi, Bwana Kaduma, aliyeko makao makuu ya mkoa.*

"Bwana Kaduma, msikiti ufungwe leo."

"Leo? Ripoti iko wapi?"

"Ripoti nitaandika. Nguzo moja haina kitu ndani."

"Umeifungua ukaona?"

"Sijaifungua. Nikiifungua itaanguka."

"Sasa, dada yangu, nitaandika nini kwenye barua? Kwamba mpimaji wetu ameisikia? Jengo lile ni la kale, limeorodheshwa, lina kamati, lina wazee. Kulifunga kunahitaji kikao. Kikao ni Jumatatu."

"Ijumaa ni kesho kutwa. Ijumaa wanaingia watu mia tatu."

"Nakuelewa."

"Mia tatu, bwana."

"Nakuelewa kabisa. Zungumza na kamati. Kwa hekima. Na hiyo nguzo iliwahi kufanyiwa kazi? Kuna kumbukumbu ya fundi?"

(Mvua juu ya bati.)

"Haloo? Somoe? Kuna jina la fundi?"

10.

Kuna jambo ambalo baba yake alimsimulia alipokuwa msichana mdogo, wakati huo akishika mkono wake na kumwonyesha alama za patasi kwenye mawe ya kibla.

Matumbawe, alisema, yakitoka tu majini ni laini kama muhogo uliochemshwa. Unayachonga yakiwa hai. Ukichelewa yanakauka, na yakikauka hayakusikii tena. Ndiyo maana mafundi wa kale walifanya kazi kwa haraka na kwa woga. Chokaa walichoma kwa magogo, tanuri siku kadhaa, kisha wakaizika ardhini ipoe mpaka msimu mwingine. Kuba walilijenga juu ya miti ya kuegemeza. Na siku ya kuiondoa miti ile, mji mzima ulikaa mbali. Fundi peke yake ndiye aliyekaa chini ya kuba, miguu ameikunja, anangoja.

"Kwa nini akae chini?" Somoe aliuliza.

"Ndiyo sheria ya kazi. Fundi wa haki hukaa chini ya kazi yake."

"Na likianguka?"

Baba yake alicheka siku ile. Sasa Somoe akijaribu kukumbuka kicheko hicho, hakisikii vizuri.

11.

*Yaliyosikika birikani, Alhamisi, wakati wa kutawadha:*

"Eti binti Mshamu anataka kutufungia msikiti."

"Huyo si wa serikali?"

"Ni wa serikali, lakini ni wa hapahapa."

"Msikiti umekaa miaka mia sita uanguke leo kwa sababu ya kipande cha kioo?"

"Kioo cha dirishani kwangu kilipasuka mwaka jana. Nyumba ipo."

"Usicheke. Mimi jana nikiwa kwenye sujudu kitu kilinidondokea shingoni."

"Kitu gani?"

"Sijui. Sikuinua kichwa."

12.

Alhamisi baada ya adhuhuri alikwenda kwa Maalim Shaweji, imamu. Alimkuta na Mzee Likunja, mwenyekiti wa kamati, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukata. Somoe aliwaamkia, akakaa, akaeleza. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikizungusha tasbihi.

Likunja hakungoja mwisho.

"Nguzo ile ilitengenezwa na baba yako mwenyewe. Au unasema baba yako hajui kazi?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Basi unasema nini?"

Somoe alifungua mdomo. Alitaka kusema *mkamwulizeni*. Akilini alimwona baba yake katikati ya watu, kofia mkononi.

"Nasema naogopa," akajibu.

"Kila mtu anaogopa," akasema Likunja, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikukata. Akainuka haraka. "Woga si sababu ya kufunga nyumba ya Mungu."

Maalim alimsindikiza Somoe mpaka mlangoni. "Niletee ushahidi, binti yangu," akasema kwa upole. "Mimi mtu wa kitabu, sijui mawe. Niletee ushahidi nami nitasimama nawe."

13.

Basi akaenda kwa ushahidi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, mchana kweupe, dirisha limefungwa. Mshamu kufunga dirisha mchana! Somoe aliketi mbele yake, akasema tu, "Nimeigonga, baba."

Kilichofuata anakiandika hapa kama alivyokisikia. Hajaongeza neno.

14.

"Mwaka themanini na saba. Nilikuwa na umri kama wako sasa. Nilibandua plasta ya zamani nikakuta mawe ya ndani yamekuwa unga. Unaingiza mkono, unatoa unga. Ilitakiwa kuegemeza matao kwa miti, kuibomoa nguzo yote, kuijenga upya jiwe kwa jiwe. Kazi ya miezi mitatu. Na zilibaki siku tisa kufika Idi.

"Nilimwambia mtu mmoja. Mmoja tu. Akaniambia, Mshamu, watu wanakuja kutoka miji yote ya jirani, wageni wamealikwa, utawaambia nini? Funika. Baada ya Idi utaifungua tena.

"Nikaijaza mchanga, udongo na matofali yaliyovunjika. Nikaizungushia waya, nikapaka saruji, juu yake chokaa. Nikaivisha kanzu, mwanangu. Ilipendeza kuliko zote. Watu walinibusu mkono.

"Baada ya Idi hakuna aliyeniuliza. Mwezi ukapita. Mwaka. Kila mwaka maneno yakawa mazito zaidi kuyatoa. Ukinyamaza mwaka mmoja, wa pili unakuwa mwizi. Ukinyamaza kumi, unakuwa

"Basi nikasema, kama haitaanguka, haitaanguka. Na kama itaanguka, ianze na mimi. Nikachukua mahali pale. Sala tano kwa siku, miaka thelathini na saba. Watu wakadhani napapenda. Nikisema *Allahu akbar* nasikiliza. Nikirukuu nasikiliza. Sijui kama Mungu amepata kusikia sala yangu hata moja, maana mimi mwenyewe sijawahi kuisikia. Nilikuwa nasikiliza nguzo."

15.

Somoe alikuwa akilia bila sauti. Si kwa huruma peke yake. Alikuwa akihesabu: wanaume waliopita mbele ya nguzo ile, harusi zilizofungwa chini ya kuba lile, maiti zilizosaliwa pale.

"Alikuwa nani, huyo mtu mmoja?"

"Hilo si langu kulisema."

"Baba, kesho ni Ijumaa."

"Najua kesho ni siku gani."

"Utawaambia?"

Mzee alitazama mikono yake. Ni mikono mikubwa, kucha zimeliwa na chokaa.

"Usinidai hilo," akasema. "Lolote jingine, lakini si hilo. Niache niende na siri hii."

16.

TANGAZO

Kamati ya Msikiti Mkuu wa Ujiweni inawatangazia waumini wote kwamba sala ya Ijumaa itasaliwa ndani ya msikiti kama kawaida. Uvumi unaoenezwa kuhusu usalama wa jengo upuuzwe. Jengo lilifanyiwa ukarabati kamili na fundi mwenye sifa zake.

Wenu katika dini,
Likunja Saidi, Mwenyekiti.

*(Chini yake, kwa wino wa bluu, mwandiko mwingine: Kamili?)*

17.

Watu hupenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi Mwajabu nakwambia, ufa ule ulizibwa. Ulizibwa vizuri sana. Hapo ndipo msiba ulipoanzia.

Ijumaa asubuhi sikufagia. Nilifika mlangoni na ufagio wangu, nikachungulia. Unga ulikuwa umeunda kichuguu chini ya nguzo, na ulikuwa bado unadondoka. Nikaweka ufagio. Nikakaa nje. Somoe alikuja akakaa karibu nami.

Unauliza kwa nini hatukupiga kelele? Piga wewe. Piga kelele uone nani atakuja kumsikiliza mfagiaji na mwanamke wa vioo.

18.

Saa sita mchana mvua ilipungua ikawa manyunyu. Wanaume walianza kuja, kanzu nyeupe, miavuli, udi. Somoe alisimama katikati ya mlango. Alilibana jiwe la kizingiti kwa vidole vya miguu.

"Tupishe, dada."

"Msiingie. Nawaomba."

"Una barua?"

"Sina."

"Sasa?"

Walikuwa kumi, wakawa thelathini, wakawa umati. Wengine walicheka. Wengine hawakucheka, walitazama juu yake, kwenye giza la ukumbi. Maalim Shaweji akapenya akaja mbele. Likunja alikuwa nyuma yake.

"Binti yangu," akasema Maalim, "umeleta nilichokuomba?"

Matone ya mvua yakasikika yakianguka birikani.

Alikuwa na dakika moja ya kumlinda baba yake au kuwalinda hawa. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha namna ya kupima kitu kama hicho. Akasema:

"Nguzo ya nne ndani ni mchanga na udongo. Si mawe. Ilijazwa ikafunikwa mwaka themanini na saba."

"Nani kakwambia?"

"Aliyeifunika."

"Nani?"

"Baba."

19.

Baba.

20.

Neno likapita katikati ya watu. Aliyekuwa mbele alimgeukia aliyekuwa nyuma. Kisha mtu mmoja akapaza sauti, karibu kwa furaha, kama aliyepata jibu:

"Mbona Fundi mwenyewe yumo ndani! Kaingia mapema kwa mlango wa pembeni. Tazameni, kakaa palepale pake! Mtu anajua nguzo ni mbovu na anakaa chini yake?"

Wakatazama. Ni kweli. Katika ukumbi mtupu, safu ya kwanza, kanzu yake nyeupe, kofia yake ya vito iliyodariziwa kwa mkono, bega likiigusa nguzo.

Umati ukavuta pumzi, ukasogea. Hoja ilikuwa imekwisha. Mguu wa kwanza ukavuka kizingiti.

Somoe aligeuka akakimbia ndani.

21.

Ndani kulikuwa baridi. Harufu ya mawe yaliyolowa. Alipita nguzo ya kumi na mbili, ya kumi na moja, miguu ikipiga mikeka, na juu yake makuba yakapita moja moja. Hakuthubutu kuyatazama. Unga ulikuwa umeota begani mwa baba yake kama amesimama chini ya mashine ya kusaga.

"Baba, inuka."

"Toka, Somoe."

"Wanaingia. Wanaingia kwa sababu umekaa hapa. Wewe ndiye unayewaita."

Mzee alimtazama kana kwamba alikuwa hajawahi kuliona hilo.

"Nikiinuka watajua."

"Wajue."

"Somoe, mwanangu, watanitemea mate."

"Wakutemee. Nitakupangusa. Inuka, baba, nakuomba, inuka, mimi sitoki bila wewe, na mimi naogopa, baba, naogopa kufa, inuka."

Ndani ya nguzo kitu kikakatika. Sauti kavu, fupi. Mchanga ukaanza kutoka kwenye ufa kwa mkondo, si tena kwa punje.

Alimshika kwapani. Mzee hakuinuka. Hakukuwa na ukaidi, magoti yake yalikuwa yamekataa. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, kuelekea zile kanzu zilizokuwa zimesimama zikisikiliza, na kwa sauti ambayo ilikuwa haijawahi kupazwa ndani ya msikiti ule akapiga ukelele:

"Ni kweli! Asemayo ni kweli! Rudini nyuma, haina kitu! Mimi ndiye niliyewadanganya! Rudini!"

22.

Na mlangoni, sauti nyingine. Sauti iliyozoea kukata, sasa imekatika yenyewe:

"Mimi ndiye niliyemwambia afunike."

Ilikuwa ya Likunja.

Alikuwa anavua kofia yake. Hakuna aliyemwuliza neno, lakini aliendelea kusema, "Siku tisa, zilikuwa zimebaki siku tisa," huku anaingia ndani, peke yake, dhidi ya mkondo wa watu waliokuwa wakitoka. Alifika akamshika Fundi mkono mmoja, Somoe akashika mwingine. Wakamwinua. Wakatoka naye, watatu, polepole, kwa sababu mzee hakuweza kwenda haraka, na Somoe alihesabu kila hatua huku mgongo wake wote umekuwa sikio.

23.

MASAFA YA USALAMA. Kipimo kwa kamba: mita thelathini kutoka ukuta wa kibla. Sehemu: uwanja wa kaskazini. Watu waliotolewa: wote. Majeruhi: hakuna.

Imeandikwa Ijumaa, saa saba kasoro dakika tano. S. Mshamu.

*(Maandishi hayasomeki vizuri. Karatasi imelowa.)*

24.

Maalim Shaweji alisema sala haitaachwa. Wakatandika mikeka juu ya majani yaliyolowa, na palipokosa mikeka wakatandika miavuli iliyovunjwa mbavu, na palipokosa miavuli wakasimama juu ya tope. Kibla iko kaskazini, kwa hiyo msikiti ulibaki nyuma ya migongo yao. Khutba ilikuwa fupi. Maalim alisema maneno matatu juu ya amana, akageukia kibla.

Safu zikapangwa.

Fundi Mshamu alibaki pembeni, kanzu imelowa mpaka magotini, hajui asimame wapi. Miaka thelathini na saba hakuwa na haja ya kuchagua. Safu ya kwanza ilikuwa imejaa. Ya pili imejaa. Watu walimtazama, wakatazama chini. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwita. Kijana mmoja aliyefungia harusi yake chini ya lile kuba mwaka jana alikuwa akimkazia macho, na taya lilikuwa likimcheza.

Somoe alitaka kwenda kumshika mkono. Bi Mwajabu alimzuia.

"Mwache," akanong'ona. "Hapo si pako."

Mwisho kabisa, safu ya nyuma, Likunja alisogea nusu hatua kushoto. Aliyekuwa kushoto kwake akasita. Akamtazama Likunja, akamtazama Fundi. Alisita kwa muda mrefu sana.

Kisha naye akasogea.

25.

Allahu akbar.

26.

Mtu aliye katika sala hageuki nyuma. Unalijua hilo, wewe unayesoma, na kama hulijui, jua sasa: wanaume mia tatu, na Bi Mwajabu pembeni yao, walikuwa wamesimama wameupa msikiti migongo, na Somoe, aliyekuwa pembeni na kamba yake ya kupimia, ndiye peke yake aliyekuwa akiutazama.

Katika rakaa ya pili ukatoa sauti.

Hakikuwa kishindo. Ilikuwa sauti nzito ya chini, ya kitu kikubwa kinachotafuta namna ya kukaa. Kwenye dirisha la juu ya kibla ulitokea moshi mweupe, mwembamba, kisha si mwembamba. Somoe aliishika kamba kwa mikono miwili. Mita thelathini, akajiambia. Umepima. Umepima mara mbili. Umepima?

Hakuna aliyegeuka. Lakini migongo ilibadilika. Aliona mabega mia tatu yakipanda kwa pamoja, shingo zikizama kwenye kanzu, vidole vikikamata viganja.

Na katika safu ya nyuma, iliyo karibu zaidi na msikiti kuliko zote, aliona shingo ya baba yake ikianza kugeuka.

Likunja alimwegemezea bega. Hakumsukuma, alimwegemezea tu, bega kwa bega kama safu inavyotakiwa kuwa, na hakuliondoa. Shingo ya mzee ikasimama pale ilipofika. Ikatetemeka. Ikarudi mbele. Wakarukuu.

"Sami'allahu liman hamidah," Maalim akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya ubao mwembamba.

Wakainuka kutoka kwenye rukuu. Wakasimama wima. Wakashuka wote kusujudu, mapaji ya nyuso topeni, wazee wawili wakishuka pamoja polepole kuliko wengine, na vumbi jeupe likaanza kuvuka uwanja kuelekea kwao